Imani ya Asilimia Tisini na Sita

Nchi ya Shwarini haimo kwenye ramani, si kwa sababu haipo, bali kwa sababu ramani zake ziko wizarani zikisahihishwa. Ni nchi nzuri. Watu wake wameridhika, na huo si uvumi: Taasisi ya Taifa ya Maoni huwapima kila mwaka, na kila mwaka huwakuta wameridhika zaidi, hata ukafika mwaka mmoja wakaridhika kwa asilimia mia moja na tatu, Taasisi yenyewe ikaona haya, ikapunguza.

Katika Taasisi hiyo alikuwamo mdadisi mmoja, Mashavu Kibindo, mwanamke wa miaka arobaini na saba, aliyetembea na madodoso kwapani kwa miaka ishirini na miwili. Kazi yake aliijua. Alijua kwamba ukimuuliza mtu swali kabla hamjamaliza kusalimiana, atakujibu uongo wa heshima. Lakini ukikaa naye chini ukamsaidia kumenya mihogo, swali la tatu hujijibu lenyewe. Kwa tabia hiyo madodoso yake yalichelewa siku zote, nayo yalirudi yamejaa maneno pembeni, mahali pasipokuwa na kisanduku cha kujazia. Wakubwa walimvumilia kama mtu anavyomvumilia kuku anayetagia chini ya kitanda.

Basi mwaka huo Mkurugenzi Mkuu, Profesa Tindwa Ngamaliko, akarudi kutoka kongamano la ng'ambo, kitambulisho cha kongamano kikiwa bado kinaning'inia shingoni, akawaita wafanyakazi wote ukumbini.

"Ndugu watafiti," alisema, "sayansi ya jamii imebadilika. Mhojiwa tuliyemzoea ana kasoro nne. Ana njaa wakati wa mahojiano. Anasahau. Anakufa katikati ya utafiti bila kutoa taarifa. Na kasoro ya nne, mniwie radhi kwa lugha nzito, anasema anachokijua."

Ukumbi ulipiga makofi. Profesa akangoja yaishe, akaileta Mbinu Mpya.

Mbinu Mpya iliitwa Mhojiwa Mbadala. Ndani ya mashine yenye akili mnemba, iliyopewa chumba chenye kiyoyozi huku wadadisi wakihamishiwa barazani, kila mwananchi alikuwa ametengenezewa mwenzake: mwenye jina lake, umri wake, kijiji chake na maoni yake, ila maoni yaliyonyooshwa. Huyu haugui, haendi shamba, hamwombi mdadisi amletee dawa ya malaria. Utafiti wa taifa uliokuwa ukichukua miezi saba uliisha siku hiyo kabla ya chai, na jioni Waziri akatangaza redioni kwamba kwa mara ya kwanza serikali inawasikia wananchi bila kelele.

"Na sisi tutafanya kazi gani, Profesa?" Mashavu aliuliza.

"Ninyi sasa ni Maafisa Ulinganifu. Zamani mlikwenda uwandani kuyaleta matokeo. Kuanzia leo mtakwenda kuyapeleka."

*

Jumanne asubuhi Mashavu akatumwa Mkondoni.

Mkondoni ni kata iliyo bondeni, chini kabisa ya Bwawa la Fikra Moja. Ukuta wa bwawa hilo ulikuwa wa udongo ulioshindiliwa kwa haraka, na Jumamosi ile Rais angekuja kulizindua. Ilikuwa imeamriwa lijazwe hadi ukingoni, ili akiinama aione sura yake vizuri. Sheria ilidai ridhaa ya wanaoishi chini ya ukuta, na kwa kuwa Shwarini ni nchi ya sheria, wahojiwa mbadala wa Mkondoni walikuwa wamekwisha kuulizwa. Asilimia tisini na sita walikuwa na imani kubwa na ukuta. Zilibaki alama za dole gumba tu, za kaya mia tatu na kumi na mbili, ifikapo Alhamisi saa sita mchana.

Mtendaji wa kata, Bwana Kirobo Makungu, alimpokea ofisini kwake. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye kalamu mbili mfukoni na wasiwasi usoni, maana barua aliyoletewa ilisema kaya yoyote isiyolingana itahesabiwa kuwa imepotoshwa na yeye. Mkewe, Chausiku, aliwaletea uji wa ulezi.

"Mwambie mwenzangu anywe, dada," Chausiku alisema akicheka. "Tangu aletewe hicho kishikwambi, ameacha hata kutafuna. Kila siku saa mbili asubuhi na saa nane mchana anakibonyeza 'Nipo'. Asipobonyeza, hayupo. Nami ninayelala naye sihesabiki kuwa shahidi."

"Chausiku, mgeni ni wa serikali," Kirobo alisema, lakini uji akaunywa.

Kaya za mwanzo hazikuwa na taabu. Watu walikuwa na haraka ya kwenda shamba. Walinyoosha kidole kabla hawajaambiwa ni cha nini. Saa tano wakafika kwa Bi Ndekwa, mfinyanzi, mwanamke mtu mzima aliyekuwa amekaa barazani anakanda udongo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, ila kiti kimelowa."

Kirobo akainua kishikwambi na kusoma: "Je, una imani na ukuta wa bwawa? Kubwa, kubwa sana, au kubwa mno?"

"Sina," alisema Bi Ndekwa.

Kishikwambi kikalia mlio mwembamba. Kirobo akasoma kwa sauti ya kufifia: "Jibu lako halilingani na wewe. Tafadhali jirekebishe."

"Na mimi yupi?"

"Wewe wa kwenye mfumo, bibi. Ulikwisha kujibu Jumatatu iliyopita, saa nne na dakika kumi na mbili. Ukasema imani yako ni kubwa mno."

"Jumatatu saa nne nilikuwa nachoma vyungu."

"Ulikuwa unachoma vyungu, ndiyo, lakini ulijibu." Kirobo akafuta jasho. "Bibi, ukikataa mara tatu, sheria inakuita Mwananchi Anayepotosha Takwimu Zake Mwenyewe. Tafadhali usijipinge."

Mashavu akamwangalia yule mama. Aliona mikono iliyotulia kwenye udongo, bila hamaki wala ubishi wa kutafuta ugomvi. Akakichukua kishikwambi mikononi mwa Kirobo, akakiweka kifudifudi juu ya mkeka, akakunja kanga, akaketi.

"Bibi, ni kitu gani kilichokuondolea imani?"

Bi Ndekwa alimtazama kwa muda, kama mtu anayepima kama chungu kimeiva. "Hilo sasa ni swali," alisema. "Twende nikakuoneshe."

*

Nyuma ya nyumba za mwisho, kwenye korongo alimochimba udongo kwa miaka thelathini, maji yalikuwa yanabubujika kutoka ardhini, upana wa kiganja. Juu yao ukuta wa bwawa ulisimama umefunika nusu ya mbingu, umepambwa bendera. Kando ya yale maji vilipangwa vyungu saba.

"Ukuta wa udongo lazima utoe jasho," Bi Ndekwa alisema. "Maji meupe siyaogopi. Naogopa haya yenye rangi. Kila asubuhi nakinga chungu kimoja, nakiacha kitulie, halafu namwaga maji polepole nione kilichobaki. Tazama."

Mashavu akapiga magoti. Katika chungu cha kwanza, cha Jumatano iliyopita, palikuwa na utando mwembamba kama ganda la kitunguu. Cha pili ulikuwa mnene kidogo. Akatia kidole katika kila kimoja na kuandika. Chungu cha saba, cha asubuhi ile, tope lilikaribia vidole vinne.

"Huu si udongo wa korongo. Wa korongo naujua hata kwa ulimi," Bi Ndekwa alisema. "Huu ni wa ukuta. Ukuta unaliwa kwa ndani, mwanangu, na huyo anayeula anazidi kupata hamu."

Kwa miaka ishirini na miwili Mashavu hakuwahi kukabidhiwa takwimu zilizopangwa vizuri namna ile. Kirobo alikuwa amesimama nyuma yao, mdomo wazi.

"Nyumba yangu ni ya tatu kutoka mtoni," alisema, wala hapakuwa na aliyemuuliza.

Mashavu akapanda mahali penye mtandao, akampigia Profesa.

"Vyungu vingapi?" Profesa aliuliza.

"Saba."

"Sampuli ya saba! Mashavu, aibu. Mimi nina wahojiwa elfu arobaini hapa, wote wametulia. Na hivyo vyungu, vimepata kibali cha Kamati ya Maadili?"

"Profesa, chini ya ukuta huu kuna watu elfu moja na mia nne. Nipe mhandisi wa bwawa niongee naye."

"Mhandisi yuko likizo. Mbadala wake anasema ukuta ni imara." Profesa akalainisha sauti, kama daktari anayempa mtu habari ya msiba. "Mashavu, usijisumbue. Ripoti yako ya Mkondoni imeshafika."

"Sijaiandika."

"Mbadala wako ameiandika. Kurasa arobaini, nzuri sana. Lugha yake imetulia kuliko yako. Anasema ulipouona ukuta ulijisikia salama."

Simu ikakatika. Mashavu akabaki ameishikilia sikioni. Alihisi baridi ya ajabu, ile ya mtu anayepita dirishani kwake na kujiona amekaa ndani. Miaka yote alidhani jambo baya kuliko yote ni kutosikilizwa. Kumbe lipo baya zaidi: kusikilizwa, na anayesema si wewe.

*

Aliporudi, Kirobo alikuwa bado hapo korongoni, ameuchomeka mkono wake wote ndani ya chungu cha saba.

"Tuwaambie watu wahame," Mashavu alisema.

"Siwezi, dada. Neno 'hama' limekatazwa mpaka baada ya sherehe. Hata 'ufa' limekatazwa. Nikilitamka kwenye kipaza sauti, mfumo unalisikia."

Mashavu akatoa mkobani Mwongozo wa Taasisi, ule wa zamani uliochanika jalada, akaufungua. Mbinu zote alizozijua zilikuwa zimefutwa kwa waraka mmoja baada ya mwingine: hojaji, mahojiano, ushuhudiaji. Ila moja ilisahaulika, kwa kuwa hakuna aliyeikumbuka.

"Mjadala wa kundi," alisema. "Mtafiti anaweza kuwaita wahojiwa mahali tulivu, penye hewa, mbali na vishawishi. Mahali patakuwa kule juu kilimani. Kesho asubuhi."

"Kundi la watu wangapi?"

"Elfu moja na mia nne."

"Mwongozo unasema wanane hadi kumi na wawili."

"Bwana Kirobo, kundi ni kundi."

Kirobo akacheka, kicheko kifupi kilichomshtua mwenyewe. Kulipopambazuka Jumatano ni yeye aliyezunguka na kipaza sauti, nyumba kwa nyumba: "Mjadala wa kundi! Kila kaya! Wagonjwa wabebwe! Mje na magodoro, mjadala ni mrefu! Na mbuzi waje, maoni yao yanahitajika!"

Watu walinung'unika. Mzee mmoja alimwambia Mashavu usoni, "Mmetuuliza tangu nina meno. Mmewahi kutuletea nini?" Alikuwa na haki. Mashavu akambebea godoro lake. Mzee akalifuata godoro.

Hadi saa tano walikuwa wamepanda. Mashavu na Chausiku wakahesabu kaya moja moja kwa majina, na zile zilizopungua, Bi Ndekwa akashuka akazileta kwa matusi.

Kazi ngumu ikawa kuwazuia wasishuke. Jua lilikuwa kali, watoto walilia, na kutoka kule juu bwawa lilionekana limejaa, tulivu, linang'aa kama sahani. Mashavu akasimama juu ya jiwe na kuuliza swali ambalo halikuwa kwenye dodoso lolote: "Mnaogopa nini?"

Kisha mwanamke mmoja akasema anaogopa kulala mvua ikinyesha. Mwingine akasema mbwa wake amekataa kushuka korongoni siku ya tano sasa. Wakaanza kupokezana, na Mashavu akaandika, akaandika, daftari likijaa, akiomba moyoni waendelee kuongea. Kila aliyemaliza kuongea alitazama chini kwenye nyumba yake, akitamani kwenda kupika.

Saa nane kasorobo alimwona Kirobo akishuka njia ya mteremko, mwendo wa haraka, kalamu zake mbili zikimetameta mfukoni.

"Bwana Kirobo!"

Akanyoosha mkono juu bila kugeuka. "Kishikwambi kiko ofisini! Nabonyeza 'Nipo', narudi sasa hivi!"

Mashavu akafungua mdomo amwite tena. Lakini nyuma yake watu walikuwa wamemwona Mtendaji akishuka, na kwa akili ya kawaida mtendaji akiondoka mkutano umekwisha. Magodoro yakaanza kukunjwa. Wanawake kumi, kumi na watano, wakasimama. Mashavu akageuka, akawanyooshea mikono miwili, akapaza sauti mpaka ikapasuka: "Bado! Kaeni, jamani, bado swali moja!"

Wakakaa. Alipogeuka tena, Kirobo alikuwa amekwisha kuingia kwenye migomba.

Hapakuwa na kishindo mwanzoni. Katikati ya ukuta, palipokuwa na bendera kubwa, udongo ulizama taratibu kama mkate uliochovywa kwenye chai. Bendera ikainama. Halafu kukatokea sauti ambayo wengi waliihisi miguuni kabla ya kuisikia, na maji mekundu yakashuka bondeni, yakiwa na magogo, mabati, na mapambo ya sherehe. Zahanati ilisimama kwa pumzi mbili hivi. Ofisi ya kata haikusimama hata pumzi moja.

Juu kilimani watu elfu moja na mia nne walikuwa wamekaa. Chausiku peke yake ndiye aliyekuwa amesimama, mkono juu ya macho, akitafuta shati jeupe.

*

Taasisi ilichukua hatua siku hiyo hiyo. Iliwauliza upya wakazi wote wa Mkondoni, na matokeo yakatangazwa kabla ya taarifa ya habari: asilimia tisini na sita bado wana imani na ukuta. Malori ya unga na mahema yaliyokuwa njiani yakageuzwa, kwa kuwa kaya zote zilijibu kwamba ziko nyumbani, zimekauka. Jumamosi Rais alilizindua bwawa kwa njia ya video. Lilikuwa limejaa.

Mwili wa Kirobo ulipatikana Ijumaa, kilomita tatu chini, katika shamba la mahindi. Chausiku na Mashavu wakaenda wilayani kuomba kibali cha mazishi. Karani alikuwa mtu mpole. Aliangalia kwenye mfumo, akaangalia tena, akawageuzia kioo wajionee.

"Mama, ningependa kukusaidia. Lakini Mtendaji Kirobo Makungu amebonyeza 'Nipo' leo saa mbili kamili. Na jana pia. Tena hajawahi kuwa na mahudhurio mazuri namna hii. Ametajwa kwenye Mtendaji Bora wa Mwaka."

Chausiku alikitazama kioo. Hakulia.

"Kama yupo," alisema, "mwambieni arudi nyumbani."

Karani akainamisha kichwa, akaanza kupanga karatasi zilizokuwa zimekwisha kupangwa.

Getini Mashavu alikabidhiwa barua ya Taasisi. Ilimfahamisha kwamba mbadala wake ameomba radhi kwa niaba yake, amesamehewa, na amerudi kazini. Kwa hiyo yeye hahitajiki, ila arudishe kitambulisho. Alikivua akamwachia mlinzi.

Walimzika Kirobo kilimani alasiri ile, bila kibali. Baada ya dua watu hawakutawanyika, kwa kuwa hawakuwa na pa kutawanyikia. Chausiku akaja akakaa karibu na Mashavu.

"Wewe kazi yako ni kuandika," alisema. "Niandikie kwamba mume wangu amekufa. Siku watoto wakiniuliza, au mkubwa yeyote akiuliza, niwe na karatasi."

Mashavu akachana ukurasa wa kati wa daftari, ule mpana. Akaandika jina la marehemu, la baba yake, siku, saa, na mahali. Akaandika vyungu saba na tope la kila kimoja. Akafika mahali akasimama. Mwongozo wote aliowahi kufundishwa ulisema mtafiti hajiandiki. Yeye ni jicho tu. Kalamu ilikaa juu ya karatasi muda mrefu mpaka wino ukafanya doa.

Kisha akaandika: Mimi, Mashavu Kibindo, nilimwona akishuka. Nilimwita mara moja. Sikumwita mara ya pili.

Akamsomea Chausiku yote kwa sauti, na sentensi hizo hakuziruka.

Mbali, chini, matope yalikuwa yanaanza kukauka na kupasuka. Chausiku akaichukua ile karatasi, akaitazama palipo na doa.

"Na hilo umeliandika," alisema.

"Nimeliandika."

"Basi ni kweli yote."

Akachovya dole gumba kwenye udongo mbichi wa kaburi, akalibandika chini ya maandishi. Bi Ndekwa akafuata. Yule mzee wa godoro akafuata. Upande wa kwanza ukajaa, wakaigeuza karatasi. Upande wa pili ukajaa, Mashavu akachana nyingine, na foleni ilikuwa bado inashuka hadi kwenye majabali, kila mtu akiwa na udongo kidoleni mwake, akingoja zamu yake.